Omeleti Uliyonipikia Jumapili Ile

Masika, binti yangu,

Umetoka kwenda kuagana na wenzako wa kwaya, na nyumba imenyamaza kiasi kwamba nasikia makaa yakipasuka jikoni. Begi lako liko hapa mlangoni, limeshafungwa. Barua hii nitaiingiza kati ya shuka zako, chini kabisa, ili uikute ukiwa umeshafika Mbarara na unatandika kitanda chako cha chuoni. Usihofu, sitapekua kitu kingine.

Sitakuandikia habari za kulala mapema, kuchemsha maji ya kunywa, wala vijana wa mjini. Hayo umeyasikia mpaka yamekuchosha, na wewe mwenyewe ndiye uliyekuwa ukinikumbusha mimi nivue viatu vya karakana kabla ya kuingia ndani. Ninalotaka kukuandikia ni habari ya omeleti. Najua hapo utaacha kusoma kidogo na kutazama dirishani. Tangu Jumapili ile mimi na wewe tumezungumza juu ya kila kitu katika nyumba hii isipokuwa hilo, na sasa unaondoka. Mdomoni halitoki. Nimeona nijaribu kalamu.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa ndicho kilichokuwa lugha yetu. Majirani walishangaa siku zote: Mkonzo na binti yake, wamezaliwa chini ya mlima huu huu, lakini wakiwa ndani kwao wanaongea Kiswahili. Unajua kilitoka wapi. Mama yako alizaliwa Kisangani, katika nyumba ya baba aliyekuwa mpishi wa matajiri wa kahawa, na vita ndivyo vilivyowasukuma mpaka Butembo. Nilimkuta Mpondwe, pale mpakani, nilipokwenda kuchomelea milango ya maduka. Alikuwa anauza vitenge, na alinicheka kwa sababu nilikuwa nimeunguza kola ya shati kwa cheche bila kujua. Kikonzo hakikumwingia hata kidogo. Basi mimi nikakifuata Kiswahili chake, na hata alipoondoka hatukukibadilisha. Nyumba ilibaki na lugha ya mtu asiyekuwepo.

Aliondoka ulipokuwa bado hujaanza shule. Baba yake alifariki Butembo, na mama yako, Solanji, alitaka twende wote kumzika. Mimi nilikuwa na geti la kanisa la kumaliza. Nikamwambia, "Tangulia, nitakufuata." Sikumfuata. Geti lilipokwisha palikuwa na dirisha, na dirisha lilipokwisha matanga yalikuwa yameshaanuliwa. Njia ya huko ilikuwa mbaya, watu walikuwa wakisimamishwa na wenye bunduki, kwa hiyo alipokawia sikuwa na hasira. Niliogopa tu. Kisha siku moja dereva wa lori la mbao akasimama mbele ya karakana. Hakuzima hata injini. Akaniita, "Fundi! Bibi yako anasema usimungoje."

Nikamuuliza, "Amesema nini kingine?"

"Ni vile tu."

Akaingiza gia akaondoka, nami nikabaki nimeshika kinyago cha kuchomelea mkononi kama mtu aliyesahau anataka kufanya nini.

Nilikuambia ukweli, kwamba mama hatarudi. Sikukuambia amekufa, kama wengine walivyonishauri. Wewe hukulia. Ulikataa kula. Ugali wa bundu ulisukuma, ndizi ulisukuma, samaki niliyekuletea kutoka Hamukungu ulimtazama jicho kwa jicho ukamwacha vile vile. Shangazi yako Biira alikuja kukaa nasi siku chache, naye akashindwa. Ulikuwa unaomba kitu kimoja tu: "Nataka yai ya mama. Ile iko na kitu ndani."

Masika, wewe hukumbuki jinsi nilivyohangaika. Mkono wangu umezoea chuma. Chuma ukikipa moto mwingi kinakutii. Yai ukilipa moto mwingi linakugeuka. La kwanza lilishika kwenye kikaango nikalitoa kwa patasi. Nikajaza nyanya mbichi, zikatoa maji, likapasuka katikati. Nikajaza viazi, vikawa vizito, likachanika nilipotaka kukunja. Nilikuwa napika kabla ya kwenda kazini, narudi mchana napika tena, na kuku wa jirani ndio waliokuwa wakinenepa kwa kazi yangu. Nilimwuliza hata kijana wa roleksi, anayeuza chapati za mayai pale njia panda ya Kilembe, akacheka: "Mzee, yako weka juu ya chapati ukunje, kwisha."

Polepole nikaelewa. Kinachoingia ndani lazima kiwe kimeshaiva chenyewe na maji yake yamekauka. Makaa yapunguzwe, nusu uyatoe. Vitu visiwe vingi, hata kama una mtoto mwenye njaa. Na yai likunjwe likiwa bado linang'aa juu, usingoje likauke, kwa sababu likikauka halikubali tena kukunjwa. Siku hiyo nilikaanga vitunguu na maharage yaliyobaki, nikayaponda na chumvi ya Katwe, nikayapanga upande mmoja, nikakunja mara moja kama mtu anavyofunga kitabu. Ulikula yote. Ukalamba vidole. Ukasema, "Baba, iko kama ya mama."

Sijui kama unaweza kuelewa neno lile lilinifanya nini. Nilikuwa mtu aliyeachwa, mji mzima ulijua, mafundi wenzangu walikuwa wakinyamaza nikiingia. Lakini nilikuwa na hilo. Kitu kimoja ambacho mke wangu alikijua, nilikuwa nimekipata kwa mikono yangu, na mtoto ameshuhudia. Kila Jumapili baada ya misa nilipika omeleti. Ulipoanza shule nilipika, ulipopata kipaimara nilipika, na mwaka mto Nyamwamba ulipojaa na kubeba nyumba za watu, tukalala darasani na umati, nilipika juu ya mawe matatu kwa mayai niliyopewa na mtu nisiyemjua. Ulipokuwa msichana mkubwa nilifikiri utachoka. Hukuchoka. Ulikuwa unakaa pale pale mezani, unasema, "Asante, Baba," na mimi naamini.

Sasa nifike kwenye Jumapili ile.

Chuo kilikuwa kimekukubali wiki ile, na wewe ulikuwa umerudi jana yake kutoka Bwera kwa shangazi yako, na kifuko cha vitu. Tulipotoka kanisani ulinivua koti. "Baba, wewe kaa tu. Leo mimi ndiyo napika." Nilifurahi kama mjinga. Nilivuta kiti mlangoni mwa jiko ili nikutazame.

Ulitoa majani marefu, meupe chini, kijani juu, ukayakata, ukayaosha kunjo kwa kunjo ili mchanga utoke. Ukayakaanga kwa siagi mpaka yakalegea, ukayaweka pembeni. Ukapunguza makaa bila kuambiwa. Ukapiga mayai kwa uma, si sana. Ulipomimina, ukaanza kuvuta kingo za yai kuelekea katikati, ukiinamisha kikaango ili ute ushuke pembeni uive. Mimi sijawahi kufanya hivyo hata siku moja. Ukaweka majani yale katikati, ukakwangua jibini juu yake, ukakunja upande wa kushoto, ukakunja upande wa kulia, ukapindua kikaango juu ya sahani kwa mara moja, kunjo likawa chini. Ikakaa pale laini, nono, haina hata alama ya moto.

Nilikuwa nimeshaiona omeleti ile. Mwili ulijua kabla ya kichwa. Ulinipa uma, nikakata, nikala, na nilihisi niko kijana, niko katika chumba kile cha kupanga kule Mpondwe, na mama yako amekaa mbele yangu ananitazama kama nitapenda.

Nikakuuliza, polepole tu, "Hii majani ni nini?"

"Ni puaro, Baba."

Ulisema bila kufikiri. Kisha nikaona uso wako unabadilika.

"Ni nini?"

"Liki. Ni liki, Baba."

Wanawake wachache wanaoyauza sokoni hapa Kasese wanayaita liki. Puaro nimelisikia katika kinywa cha mtu mmoja tu maishani mwangu. Nikaweka uma chini.

"Nani amekufundisha?"

"Shuleni."

"Shuleni mlikuwa mnakula posho na maharage, Masika."

Ulisimama pale na kitambaa cha jikoni mkononi, ukikikunja na kukikunjua. Na unajua neno lako la kwanza lilikuwa nini? Hukusema samahani. Ulisema, "Baba, usimukasirikie shangazi." Ulimkinga yeye kwanza. Ndipo ukalia, ndipo ukasema yote: kwamba mama yako yuko Bwera, ana hoteli ndogo ya chai karibu na soko la mpakani, kwamba kila likizo niliyokutuma kwa shangazi kumsaidia shamba, ulikuwa unakwenda kwa mama, kwamba imekuwa hivyo tangu kidato cha pili. Miaka minne. Mimi ndiye niliyekufungia mizigo. Mimi ndiye niliyekuombea safari njema kila ulipokwenda kwa siri.

Nataka ujue nilichokuwa nawaza usiku ule, kwa kuwa sikukuambia. Sikuwaza juu ya mama yako. Nilirudi nyuma Jumapili moja moja. Nikajiuliza: alipokuwa kidato cha tatu akakaa pale mezani akasema "Asante, Baba", alikuwa ameshaijua ile nyingine. Alikuwa anakula yangu yenye maharage na kunitazama machoni, na ndani anajua kwamba haikuwahi kufanana. Mtoto wa miaka sita aliyeniambia "iko kama ya mama" alinidanganya kwa upendo, na nitamshukuru mpaka nife. Lakini msichana wa kidato cha tatu alikuwa anajua.

Asubuhi nilifunga karakana nikaenda Bwera. Nilimkuta shangazi yako uani akianika kahawa kwenye turubai. Aliponiona hakuuliza habari za nyumbani. Alichuchumaa akaendelea kutawanya kahawa kwa mkono. Tuliongea Kikonzo, nami nakuandikia kama ilivyokuwa.

"Biira, wewe ni dada yangu wa tumbo moja."

"Ndiyo, kaka."

"Nilikuletea mtoto wangu kwa mkono wangu."

"Mtoto alikuja kwangu analia, akaniambia, shangazi, nimesikia yuko hapa hapa, nipeleke nimwone mara moja tu. Ningefanya nini?"

"Ungeniambia."

"Nikuambie wewe?" Hapo akanyanyua macho. "Mara ya mwisho nilipotaja jina la Solanji mezani kwako uliacha chakula, ukaenda karakana siku ya Jumapili, ukachoma chuma mpaka giza. Mtoto alinishika mkono akaniambia, shangazi, hapa hatulisemi hilo jina. Alikuwa na miaka tisa, kaka. Tulikuonea huruma."

Huruma. Nilimjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika, kwa kuwa bado ni shangazi yako. Nikamwacha amechuchumaa pale, nikatoka barabarani kutafuta bodaboda. Nikamwambia kijana wa kwanza, "Nipeleke kwa yule Mkongomani anayeuza chai karibu na soko. Anaitwa Solanji."

"Kwa Mama Masika?" akasema. "Panda, mzee."

Mama Masika. Kijana ambaye sijawahi kumwona, mwenye kofia ya timu ya mpira. Bwera nzima ilikuwa inamwita kwa jina lako. Mtu aliyekuogesha, aliyekusuka nywele vibaya mpaka walimu wakacheka, aliyekesha nawe siku za malaria, alikuwa Kasese akichomelea mageti ya watu, na jina la mtoto wake linatembea Bwera bila yeye.

Siku zile mpakani walikuwa wananawisha watu mikono kwa maji ya klorini na kuwapima joto, kwa ajili ya Ebola ya ng'ambo, na foleni ilikuwa imefika karibu na mlango wake. Hoteli yenyewe ni mbao na mabati, madawati mawili, meza yenye nailoni ya maua. Ukutani palikuwa na picha yako, ile ya sare ya shule. Mpiga picha alitoa nakala mbili, na wewe uliniambia moja imelowa mvua. Niliitazama kabla sijamtazama yeye.

Alikuwa ameketi kwenye kigoda anamenya vitunguu. Amekonda. Nywele za mbele zimekuwa nyeupe.

"Baba Masika," akasema. Hakusimama. "Nilijua siku moya utakuya. Ikala basi."

"Sikuja kukaa."

"Ulikula?"

"Sikuja kula."

Wateja wawili walikuwa wanakunywa chai; aliwatazama tu, wakachukua vikombe vyao wakahamia nje. Nikamwuliza yuko Bwera tangu lini. Alikuwa pale tangu ulipokuwa shule ya msingi. Barabara ile nimepita mara nyingi, kwenda kuchomelea ghala la kahawa, kwenda kumwona dada yangu. Pengine nimepita huku yeye akimwaga maji machafu mlangoni.

"Kwa nini ulimtuma dereva?" nikamwuliza. "Ningekuwa mbwa wako, ungekuja kuniambia mwenyewe."

"Nilikuwa naogopa. Nikikuona, ntabaki." Aliweka kisu chini. "Kisha matanga ya papa, nililala siku mingi. Nikaamuka asubuhi, nikaona niko napumua. Mu nyumba yako sikukuwa napumua, Baba Masika. Haukunipiga. Haukunitukana. Ulikuwa unanicheka tu."

Nilitaka kusema ni uongo. Lakini nilikumbuka. Alipika ile omeleti ya baba yake kwa rafiki zangu, siku ya ubatizo wako, ameazima vikaango, amehangaika tangu alfajiri, nami nikawaambia jamaa, "Leo tunakula chakula cha Mzungu, ukila usitafune, kitavunjika." Walicheka mpaka wakapiga meza. Naye alicheka. Nilifikiri anacheka nasi. Hilo halimpi mtu haki ya kumwacha mtoto, na nilimwambia hivyo.

"Mutoto ndiyo kitu nilikosea," akasema. "Ile siwezi kuikataa."

"Ulimwita wewe?"

"Hapana. Alikuya ye mwenyewe, na shangazi yake. Alisimama pale pale unasimama. Akasema, 'Niko Masika.' Nikamupikia omeleti, juu sikukuwa na kitu kingine cha kumupa. Akakula kidogo, akasukuma sahani. Akasema, 'Haiko kama ya Baba.'"

Niligeuka. Nilitoka. Nilitembea hadi darajani, nikasimama nikitazama wanawake wakivuka na ndizi kichwani, nikarudi Kasese bila kukumbuka jinsi nilivyorudi.

Sijui kama ulilisema neno lile kweli, Masika. Mama yako ni mtu aliyekosea, na mtu aliyekosea anajua kutafuta neno la kumpoza mwenzake. Nimetaka kukuuliza, nimeogopa. Ukiniambia ndiyo, sitajua kama ni kweli au ni huruma nyingine. Ndivyo ulivyoniharibia. Sasa hata jema likitoka kwako nalipindua kwanza nione upande wa chini.

Wiki zile zilizofuata ulikuwa unapika unaniwekea chakula chini ya kifuniko, mimi nakula nikiwa nimesimama. Ulikuwa unanisalimu asubuhi, naitika kama naitika mteja. Nilijua unalia usiku, ukuta wetu ni mwembamba. Sikuja. Sijivunii hilo. Kikaango kilikaa kimening'inia pale, na Jumapili zikapita.

Nikiwa karakanani nilikuwa nafikiri sana juu ya lile neno la shangazi yako. Nikauliza, kwa nini limenichoma kuliko yote? Nikaona ni hivi. Mtu akikuibia, amekuona una kitu. Mtu akikuficha jambo kwa sababu anakuonea huruma, amekuhesabu kuwa huwezi kulibeba. Ninyi watatu mlikaa chini mkaniweka pembeni, kama mgonjwa anayezungukwa na watu wanaonong'ona. Hamkunipa nafasi ya kukasirika mapema, wala ya kukataa, wala, nani ajuaye, ya kukubali. Miaka minne mliniamulia mimi ni mtu wa namna gani.

Kisha nikaona upande mwingine, nao haukunifurahisha. Sikuwahi kukataza jina la mama yako litajwe. Lakini kila lilipotajwa uso wangu ulifungwa kama duka, na mtoto mdogo husoma uso kabla ya kusoma kitabu. Ulijifunza kutoka kwangu kwamba kuna mambo katika nyumba hii yanayopaswa kubebwa kimya. Mwanafunzi mzuri uliye, ukayabeba. Siandiki haya ili nikuondolee lawama. Ungeweza kuniambia. Hata kwa kulia, hata kwa kupiga kelele mlangoni ukakimbia, ungeweza. Lakini naona pia ni nani aliyeijenga nyumba ambamo ilikuwa vigumu.

Unakwenda kusomea ukunga. Siijui kazi hiyo, ila najua wanawake watakushika mkono na kukuuliza, "Mtoto wangu yukoje?" na kuna siku utakuwa na jibu baya. Utamwonea huruma. Utataka kusema, "Ngoja daktari aje," au, "Pumzika kwanza." Nakuomba siku hiyo umkumbuke fundi mmoja aliyekula omeleti Jumapili, akajua kutoka kwenye neno la bahati mbaya jambo ambalo Bwera nzima ilikuwa inalijua. Kaa kando ya kitanda chake, umwambie. Mwache akukasirikie. Hasira yake atapona. Kuwa mtu wa mwisho kujua habari za mtoto wako mwenyewe, hilo mimi bado sijapona.

Na ukimpata mtu wa kuishi naye, siku moja, usicheke anachokupikia mbele ya watu. Wala usimruhusu acheke chako. Hilo nimelilipia kwa gharama ambayo wewe ulichangia bila kuulizwa.

Nikuambie na jambo la mwisho, kwa sababu kesho asubuhi litakuwa limeshatokea na wewe hutakuwa umelielewa. Jana uliniuliza, huku umenipa kisogo unakunja nguo, "Baba, mama anaweza kuja kuniaga kituoni?" Nikakujibu kwamba kituo cha basi si changu, aje atakaye. Niliona mabega yako yakishuka. Ulikuwa umeniuliza. Baada ya yote, ulikuwa umeniuliza mimi kwanza, waziwazi, na mimi nikakujibu kwa kisu.

Leo mchana, ulipokuwa sokoni, nilimpigia simu shangazi yako. Tangu siku ile ya kahawa hatujasemezana. Alianza kulia, nikamwambia, "Biira, nipe namba yake tu, mengine tutayazungumza." Akanipa. Nikampigia Solanji. Nikamwambia, "Usiende kituoni. Njoo nyumbani."

Nikasikia anaweka kikombe chini. Kisha akauliza, "Mu nyumba yako?"

Nikamwambia ndiyo, na awahi, kwa sababu mtoto anaondoka mapema.

Basi ukisoma hapa, atakuwa ameshabisha hodi, na wewe utakuwa umeshashtuka, na pengine umedhani ni njama nyingine ya shangazi yako. Ni mimi. Lakini usilihesabu kuwa msamaha, Masika. Huko sijafika, na sitaki kukudanganya kwamba naona njia. Nimemwita kwa ajili yangu mwenyewe. Mmekutana na kuagana mara ngapi, mmecheka, mmelia, na mimi niko mbali nafikiri mambo mengine kabisa. Mara hii mtaagana mbele yangu. Nitasimama tu pale mlangoni, na hakuna mtu atakayekuja kuniambia baadaye jinsi ilivyokuwa.

Baba yako,
Bwambale